Uzoefu wangu niliutoa kwenye mizani ya korosho

Mtwara kuchele! Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Hapa Leeds ni saa kumi jioni na nje kiza kitupu, dirisha hilo hapo mnaliona. Huko nyumbani saa moja usiku, na najua kuna mtu Mikindani ananisikiliza huku anamenya ming'oko. Usinionyeshe, tafadhali.

Leo ile video ya kodi za nyumba niliyowaahidi isubiri. Kuna mdogo wangu wa kike, yuko Masasi, kaniandikia. Ana shahada ya uhasibu, mwaka wa pili huu yuko nyumbani, na kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. "Kaka, huo uzoefu naupata wapi kama hakuna anayekubali kunianzisha?" Halafu mwishoni, kama anaficha, kasema mjomba wake anataka akakae kwenye mizani ya korosho ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu huu. Anaona aibu. Wenzake wa chuo watampita pale wamuone na vumbi.

Mdogo wangu, nenda kakae.

Mimi nilikaa. Kabla ya hapo nilijitolea miezi saba kwenye ofisi moja mjini, siitaji, nachapa barua za watu na nauli natoa mfukoni. Siku ya kuondoka naomba karatasi ya kuonyesha kwamba nilikuwepo, naambiwa hawana utaratibu huo. Miezi saba hewani! Ndipo nikarudi kwetu Tandahimba, msimu wa 2018, nikashika kalamu ya mizani.

Wanaoidharau ile kazi hawajawahi kuiona kwa karibu. Mkulima kashusha magunia, wewe unaangalia kama korosho zimekauka, kama kuna mchanga, hii daraja la kwanza, hii la pili. Unapima, unaandika, unampa stakabadhi yake. Ukimpunguzia mzee wa watu kilo kumi, jioni anakuja na ukoo mzima. Lori likifika ghala kuu zinapimwa tena, na zikipungua unaulizwa wewe: huu ni unyaufu, yaani korosho zimekauka zikapungua uzito, au kuna mtu kala?

Na msimu wenyewe mnaukumbuka. Wakulima walizikataa bei za mnada, Serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaingia. Kisha uhakiki. Kilo hizi zimetoka shamba gani? Ni za mkulima mwenyewe, au ni za kangomba, wale wanaonunua kwa wakulima kinyemela? Daftari langu lilikaliwa siku mbili, mstari kwa mstari. Huku malipo yanachelewa, wazee wananifuata mpaka mlangoni mwa msikiti, kana kwamba fedha ninazo mimi kwenye kanzu.

Sasa njoo Leeds. Naomba kazi kwenye ghala la vifurushi, usaili tuko sita. Yule mama anayetusaili anauliza: lini hesabu zilikukatalia na ulifanya nini? Wenzangu wanaeleza kazi za darasani. Mimi nikamweleza unyaufu. Maswali yake yaliyobaki yote yakawa ya korosho.

Wakataka mdhamini. Katibu wangu wa AMCOS hakuwa na barua pepe, akaenda steshenari kufunguliwa moja. Barua ikaja imeskaniwa kichwa chini, lakini ina tarehe za kuanza na kumaliza, kazi nilizofanya, saini, na muhuri mkubwa wa bluu. Nikapata kazi. Nisiwadanganye, ilikuwa kubandika lebo usiku kucha, shahada iko kabatini. Hesabu za stoo nilipewa baada ya mwaka.

Kwa hiyo barua hiyo idai siku ya mwisho ya msimu, ukiwa bado unasimama pale, maana ukishaondoka watakuzungusha. Na mkataba uwe wa maandishi, hata kama mwajiri ni mjomba. Hasa kama ni mjomba.

Wa Lindi, nyie msingoje minada ya korosho ya Oktoba, ufuta unauzwa katikati ya mwaka na nao una mizani. Walio karibu na bandari, msimu mizigo inahesabiwa na watu, kaulizeni. Na wale mnaosubiri ajira za mradi wa gesi wa Likong'o, hapo Lindi, hata mimi niliisubiri, naijua ile subira. Subirini, ila huku mnapima ufuta.

Jioni chukua lile daftari la siku, liingize kwenye Excel hata kama hakuna aliyekuagiza. Kama huna kompyuta, simu inatosha. Utakapoulizwa ulifanya nini miezi mitatu, unafungua unaonyesha.

Haya, basi langu ni saa kumi na moja na huku dereva hamsubiri mtu. Mdogo wangu wa Masasi, mwambie mjomba unaenda. Ila muulize kwanza: analipa kwa siku, au mpaka mnada?