Dawa za Maambukizi kwa Anayesafishwa Damu

ZUHURA: Assalaam aleikum, na habari za saa hizi kwa wote mnaotusikiliza, kuanzia Ngamiani mpaka Pongwe, na ndugu zetu wa Muheza na Pangani. Mimi Zuhura, muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu.

HEMEDI: Na mimi Hemedi, mfamasia. Tuingie moja kwa moja, da Zuhura, maana swali lililokuja ni zito.

ZUHURA: Limetoka Muheza. Binti anasema baba yake figo zimefeli, anakuja Tanga mjini kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Juzi kifua kilimbana, akaenda duka la dawa karibu na nyumbani, akapewa amoksilini kutwa mara tatu. Anauliza kama mzee aendelee nazo.

HEMEDI: Dada yangu, asinywe kwa mpango huo, na asiziache kimyakimya pia. Apige simu kitengo leo hii. Mtu mwenye figo nzima, amoksilini nusu yake inatoka mwilini ndani ya saa moja au moja na nusu hivi. Figo zikifa, nusu hiyo inaweza kuchukua saa 7 mpaka hata 20. Sasa mzee akimeza mara tatu, dozi ya pili inaikuta ya kwanza, ya tatu inazikuta zote mbili. Ndiyo maana wengi wa aina yake huandikiwa mara moja kwa siku.

ZUHURA: Na siku ya mashine?

HEMEDI: Anywe akishashuka kwenye mashine. Dawa nyingi za maambukizi ni chembe ndogo, zinapita kwenye kichujio pamoja na taka. Akimeza saa 12 asubuhi na saa 1 akaunganishwa, saa nne zile za kuchuja zinamwondolea dawa aliyoinunua. Usiku homa inapanda, watu wanasema dawa haifanyi kazi, wanatafuta kali zaidi. Usugu wa vimelea tunaulea hivyohivyo.

ZUHURA: Kwa hiyo kuna hatari ya kuzidi na hatari ya kupungua, kwa mtu huyohuyo, wiki hiyohiyo.

HEMEDI: Sawasawa. Na si dawa zote. Seftriaksoni, azithromaisini na doksisaiklini kwa kawaida hazipunguzwi kwa sababu ya figo, mwili una njia nyingine ya kuzitoa. Siprofloksasini inapunguzwa, tena isimezwe pamoja na vile vidonge vya kalsiamu anavyotafuna na chakula, vinaikamata tumboni isiingie kwenye damu. Nitrofurantoini ya mkojo asipewe kabisa: kwenye mkojo haifiki, ila mishipa ya fahamu ya miguu inaweza kuiharibu. Septrin inapandisha potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu ni hatari kwa moyo, na hao wagonjwa wetu tunawakataza hata madafu kwa sababu ya potasiamu hiyohiyo.

ZUHURA: Jentamaisini, ile sindano ya bakteria, usiipite, kaka.

HEMEDI: Siipiti. Ina kazi yake, na kuna wakati daktari hana budi. Lakini inaweza kuua masikio, na usikivu uliopotea kwa jentamaisini haurudi. Halafu kuna wagonjwa ambao bado wanapata mkojo kidogo. Huo mkojo kidogo ni mali, unampunguzia maji kati ya zamu moja ya mashine na nyingine. Jentamaisini inaweza kuukausha. Mgonjwa aseme waziwazi, "Mimi bado nakojoa," hata asipoulizwa.

ZUHURA: Mimi kinachonikosesha usingizi ni mrija wa shingoni, ule unaopitisha damu kwenda kwenye mashine na kurudi. Tanga hii mtu akipata homa, fikra ya kwanza ni malaria. Ni haki, apimwe malaria. Lakini mwenye mrija akitetemeka, hasa akitetemeka nusu saa baada ya kuunganishwa, sisi tunauwazia mrija mpaka tuthibitishe vingine. Bakteria wa kwenye ngozi wanapita humo, wanaingia kwenye damu moja kwa moja. Yule anayeitwa stafilokokasi aureusi hakai pale alipoingilia: anakwenda kwenye vali za moyo, anakwenda kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa anarudi baada ya wiki mbili analalamika kiuno, kumbe ndiyo huyo.

HEMEDI: Na kosa linalofanyika nyumbani?

ZUHURA: Vidonge vilivyobaki kabatini. Anameza viwili, homa inashuka, anakuja kwetu mkavu. Tukichukua damu ya kuotesha maabara, hakioti kitu. Tumepoteza nafasi ya kumjua mdudu. Damu ya kuotesha ichukuliwe kwanza, ya mrija na ya mkononi, ndipo dozi ya kwanza iingie. Na dozi hiyo isisubiri majibu, maana kuotesha kunachukua siku.

HEMEDI: Hapo ndipo vankomaisini na sefazolini, sindano za kuua bakteria, zinapotufaa, kwa kuwa zinafuata zamu ya mashine. Vankomaisini inaingizwa polepole saa ya mwisho ya kuchuja, au baada yake, kwa kuwa vichujio vya siku hizi vinaivuta. Sefazolini tunachoma mwishoni. Wengi hupewa gramu 2 Jumatatu, gramu 2 Jumatano, na Ijumaa gramu 3, kwa sababu kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ni mbali.

ZUHURA: Tena mkono unapona. Hatumchomi dripu kila siku kwenye mishipa ambayo kesho daktari wa upasuaji ataihitaji amtengenezee njia ya mashine mkononi, ili huo mrija wa shingoni utoke.

HEMEDI: Nina jambo lingine, na nataka wenye wagonjwa wanielewe vizuri. Sefepimu, sindano nyingine ya bakteria, ikizidi inapanda kichwani. Hata asaiklovia, dawa ya mkanda wa jeshi, ikitolewa kwa kipimo cha mtu mzima wa afya. Mgonjwa anaweweseka, misuli inarukaruka, hamtambui mwanawe, wengine wanatukutika kama wenye kifafa.

ZUHURA: Na kwetu pwani, mtu akiongea maneno asiyoyajua, wazee wanasema amepandisha.

HEMEDI: Ndiyo. Siwakatazi kumsomea mgonjwa wao, dua ni dua. Naomba tu wasome wakiwa njiani kuja hospitali, na pakiti ya dawa wameishika mkononi. Dawa ikisimamishwa, akawekwa kwenye mashine, sehemu kubwa inatoka. Wengi akili inarudi ndani ya siku chache. Akifungiwa chumbani siku tatu, hizo zinaweza kuwa zamu mbili zimepita na dawa bado imo.

ZUHURA: La mwisho. Kuna anayechomwa sefazolini kwenye mashine, amefiwa Lushoto, mazishi yameangukia siku ya zamu yake.

HEMEDI: Pole zake. Akiikosa zamu ameikosa na dozi. Awaambie kitengo kabla hajapanda basi. Zamu inaweza kusogezwa, kwa mfano aje siku moja kabla, achujwe, achomwe sindano, kisha asafiri.

ZUHURA: Na aondoke na karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe ya dozi ya mwisho. Akizidiwa huko juu, hospitali yoyote atakayofikishwa wajue pa kuanzia. Namba ya simu ya kitengo tunaiandika palepale chini.