Mama wa Uyole, kabla hujampeleka mtoto bweni, nisikilize

Mughonile, ndugu zangu wa Tukuyu na Kyela. Kamwene, watu wa Iringa na Njombe. Mbeya mjini, poleni na baridi. Hapa Osnabrück, Ujerumani, ni saa 2 usiku, watoto wa jirani wameshalala, kwa hiyo leo nitaongea taratibu.

Sina duka la kuwaonesha leo wala safari. Kuna mama mmoja wa Uyole, Mbeya, ameniandikia, na ujumbe wake umenikaa moyoni wiki nzima. Mwanawe ana miaka 5. Mwalimu amemwambia mtoto amezubaa: akiulizwa swali anainamisha kichwa, akiambiwa achague anamwangalia kwanza mwenzake. Mama ananiuliza, "Dada, wewe unafundisha watoto wa Wazungu. Wanawafanyaje mpaka wanajiamini vile? Nataka nimpeleke bweni akachangamke."

Mama, nakujibu hadharani kwa sababu wenye swali hili ni wengi.

Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo ya ualimu wa chekechea hapa Ujerumani, msimamizi wangu aliandika kwenye tathmini kwamba sijiamini, na kwamba ni vigumu kujua ninachofikiri kwa sababu simwangalii mtu machoni. Nilirudi chumbani nikalia. Mimi nimelelewa na bibi, Tukuyu. Nilikuwa nikimpelekea maji napiga goti, macho chini, na yeye anawaambia wageni huyu mtoto ana amahala, yaani ana akili. Tabia iliyonipa sifa kwa bibi ndiyo iliyoniponza darasani. Sikuwa nimebadilika hata kidogo. Nilikuwa nimevuka mipaka tu, nikakuta macho yanasomwa vingine.

Sasa niwaambie ninachokiona kazini. Asubuhi anakuja mtoto wa miaka 3, nje kuna barafu. Siwezi kumvika koti nikamaliza. Namuuliza: la bluu au jekundu? Anasema hataki hata moja. Nachuchumaa, namweleza kwa nini kuna baridi, na yeye anatoa hoja zake, na mimi natakiwa nizisikilize mpaka mwisho. Mezani anajipakulia mwenyewe, anaamua ameshiba lini. Tangu akiwa kwenye kigari cha kusukuma mama yake anamuuliza unataka nini, unajisikiaje, unapenda kipi. Wengi wanalala chumba chao peke yao tangu wachanga. Akifika miaka 5 ameshaulizwa maoni yake mara zisizohesabika. Atakosaje kuongea?

Lakini mtoto huyohuyo mpe mdogo wake amshike dakika kumi. Anatafuta mtu mzima kwa macho. Na huko Rungwe mnawajua mabinti wa miaka 7 wenye mdogo mgongoni kwenye mbeleko, wanacheza rede huku wanambembeleza, na wanajua kabisa hiki ni kilio cha njaa na hiki ni cha usingizi. Huko nako ni kujiamini. Ila sisi hatuliiti jambo hilo kujiamini.

Kuna utafiti uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha hapahapa Osnabrück, Bettina Lamm na Heidi Keller na wenzao, ukachapishwa mwaka 2017. Walichukua watoto wa miaka 4, Wajerumani na watoto wa Wanso, jamii ya wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani. Anaambiwa: ukikisubiri bila kukila mpaka nirudi, nakuongeza cha pili. Mjerumani aliwekewa pipi au chokoleti, Mnso aliwekewa andazi la kwao. Katika watoto 10 wa Kijerumani, wasiofika hata watatu ndio waliosubiri. Kwa Wanso walisubiri kama saba. Tena Wajerumani walikuwa wakijizungusha, wanaimba, wanaongea peke yao kujisahaulisha. Wanso walikaa kimya, na wengine wakasinzia kabisa kwenye kiti.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikacheka kwa furaha, maana niliwaona watoto wa kwetu wakiwa kanisani saa tatu nzima.

Watafiti hao walikuwa wamewaangalia akina mama na watoto wao tangu uchanga. Mama Mnso anambeba mtoto, anamnyonyesha kabla hajalia, na anategemea mtoto akikua atulie na asikie la mkubwa. Mama Mjerumani anasubiri mtoto aoneshe anachotaka, kisha anafuata. Kila mmoja anamtengeneza mtoto anayehitajika nyumbani kwake. Kwa hiyo mama wa Uyole, mwanao anapomwangalia mwenzake kabla ya kuchagua, anafanya ulichomfundisha wewe na shangazi zake bila kujua mnafundisha: usijitangulize. Mwalimu akiita hilo uzubaifu, anampima kwa kipimo cha nyumba nyingine.

Nije kwenye bweni, na hapa naongea kwa uchungu. Wapo wanaoniambia, mbona wazee wetu nao waliwatoa watoto nyumbani? Kweli, sisi Wanyakyusa, watu wa Rungwe na Kyela, tulikuwa na vijiji vya rika. Kati ya 1934 na 1938 watafiti wawili, mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliishi kwetu na wakayaandika mambo hayo. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake tangu mdogo, na akifika kama miaka 10 au 11 anaanza kulala na wenzake wa rika kwenye vibanda walivyojijengea kando. Rika hilo likikua linaoa, na vibanda vinakuwa kijiji kamili.

Angalieni walichofanya wazee, lakini. Mvulana alilala kwa wenzake, ila alikula kwa mama yake. Tena walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Shamba alilima la baba yake. Mama alimwona kila siku, na akamwona pamoja na marafiki zake, akajua anatembea na nani. Kulikuwa na neno la maisha hayo, ukwangala: ile raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kupiga nao soga. Wazee waliamini amahala inapatikana humo, kwa kuongea na wenzako. Ubahili na ubinafsi ulionekana haraka, maana sahani ilikuwa moja.

Vijiji hivyo havipo tena. Ardhi ilibana, kahawa ikaingia, wanaume wakaenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya na kwenye migodi ya Zambia. Sisemi tuvirudishe. Nasema usitumie jina la wazee kumpeleka mtoto wa miaka 5 mahali ambapo utamwona mwisho wa muhula. Mwezi Machi 2023 serikali yenyewe ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Mtoto wa umri huo bado anajifunza nani atakuja akilia.

Unataka achangamke? Jioni ukimenya ndizi za mbalaga mkalishe karibu, muulize jambo moja ambalo kweli hujui jibu lake. Leo mchezoni nani alikasirika, na kwa nini? Halafu nyamaza umngoje. Atachukua muda, mwache auchukue. Mfungulie geti acheze na watoto wa mtaani, wakubwa na wadogo, bila televisheni. Na usimwachishe kuinamisha macho kwa bibi yake. Mwambie tu: kwa bibi tunafanya hivi, kwa mwalimu tunafanya vile. Mimi nilijifunza hilo nina miaka 24 na bado liliingia. Leo nikiwa na mkuu wangu wa kazi namtazama usoni, na nikipiga simu ya video kwa shangazi macho yanashuka yenyewe.

Ninyi wengine nawaomba kitu kimoja. Kama una babu au bibi Rungwe, Busokelo au Kyela anayekumbuka vibanda vya rika, au aliyesimuliwa na baba yake, kaa naye wiki hii na simu yako umrekodi. Muulize walikuwa wanakula kwa nani, na aliyekuwa hapendi kugawa walimfanyaje. Acha aongee Kinyakyusa chake, usimkatize. Nitumieni, nitaweka tafsiri ya Kiswahili chini ya video.

Ndaga fijo, asanteni sana. Mama wa Uyole, nasubiri uniambie mtoto amekujibu nini.