Ogopeni mgongo wa sungura kuliko damu

Asanteni kwa kunikaribisha niwaonyeshe jinsi ya kukata kucha za sungura. Huyu mezani ni Pamba, sungura wa binti yangu. Ameshanikojolea njiani, mtanisamehe harufu.

Wengi mmekuja na hofu ya damu, kwamba mtakata ukucha kupita kiasi. Mimi nawaomba muogope mgongo. Mifupa ya sungura ni myepesi, lakini miguu ya nyuma ina nguvu hasa. Akirusha teke huku kiuno kinaning'inia, uti wa mgongo unaweza kuvunjika, akapooza. Basi hatumnyanyui kwa masikio, wala hatumlazi chali. Akilazwa chali mtasema ametulia. Hajatulia, ameganda kwa woga, kama vile angeganda mdomoni mwa mbwa.

Tazameni. Natandika taulo kwanza, meza inateleza. Namviringisha, kichwa nje kama mtoto kwenye khanga, mkono mmoja chini ya makalio, kisha natoa mguu mmoja tu. Mama, hebu nimulikie kwa tochi ya simu, kutokea chini ya ukucha. Kucha za Pamba ni nyeusi, bila mwanga huoni kitu. Mnakiona kivuli kile? Ndio mshipa wa damu ulio ndani ya ukucha. Kwenye kucha nyeupe utauona wa waridi. Nakata milimita 2 au 3 mbele yake. Kabla ya kukata nabana kidogo. Akivuta mguu, nimeusogelea mshipa mno.

Tik! Wala hajastuka.

Hesabuni sasa: 5 kila mguu wa mbele, 4 kila wa nyuma, jumla 18. Ule wa tano umejificha upande wa ndani, lowanisha manyoya ndipo utauona. Mwaka jana niliusahau, ukanasa kwenye wavu wa banda. Asubuhi nikakuta damu kwenye majani, na binti yangu hakunisemesha kutwa nzima.

Ukikata mshipa, usimwachie. Weka unga wa ngano kwenye ncha, bana kwa kitambaa safi dakika kadhaa. Damu isipokata, kwa daktari wa mifugo.

Kila wiki 6 hivi mkague. Sungura hana nyayo za nyama kama paka, ana manyoya tu. Kucha zikirefuka vidole vinainuka, uzito unarudi kisiginoni, vidonda vinaanza hapo.

Naona Pamba anahema. Miguu ya nyuma nitamkata kesho, nyumbani. Haya, nani ana swali?