Anga Haiwi Nyeusi Yenyewe

Mabibi na mabwana, walionisikiliza mwaka jana watanisamehe, maana narudia lile lile: kupiga picha ya rangi kisha kuibonyezea kitufe ili igeuke nyeusi na nyeupe ni kuahirisha kazi. Nendeni Tsavo mkautazame udongo mwekundu na kichaka cha kijani kilichoota juu yake. Jicho huvitenganisha mara moja, lakini rangi zikishaondolewa mara nyingi vyote viwili hubaki kijivu kimoja, na kichaka kikamezwa na ardhi. Anayefunga filta nyekundu, yaani kioo cha rangi, kwenye lenzi huufanya udongo ung'ae, kichaka kiwe cheusi na anga ya bluu ikolee. Ameamua kabla ya kufyatua.

Sasa turudi Hernandez, kijiji cha New Mexico, Marekani. (Naam, tena!) Jioni moja ya mwaka 1941, Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, alikuwa akirudi mjini Santa Fe kwa gari alipouona mwezi umechomoza juu ya kijiji, na misalaba ya makaburini ikimetameta kwa jua lililokuwa likizama. Alisimama, akahangaika kutega kamera yake kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10, na kipima mwanga hakionekani. Mwingine angebahatisha. Yeye alikumbuka kwamba mwangaza wa mwezi ni mishumaa 250 (hicho ni kipimo cha mwanga) kwa futi ya mraba, akapiga hesabu kichwani, akaweka filta ya manjano, akafunga tundu la lenzi hadi f/32, yaani dogo sana, na kuacha mwanga uingie kwa sekunde 1. Alipokuwa akijiandaa kupiga ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba.

Najua kuna atakayeniambia kwamba anga ya picha ile ilitiwa weusi katika chumba cha giza, picha ilipokuwa ikisafishwa. Ilitiwa, tena kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuikoleza, na mwaka 1948 aliichovya sehemu ya chini ya negativu, yaani ile filamu iliyonasa picha, katika dawa ili ardhi ionekane zaidi. Lakini dawa hiyo iliimarisha kile kilichokuwa tayari kimenaswa. Misalaba ambayo filamu haikuiona isingetokea kwa dawa yoyote.

Kuhusu mstari wa upeo wa macho nilikuwa na mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu kwamba msiuweke katikati kwa mazoea, na ikifika saa sita mchana, kaeni kivulini mnywe chai.