Foliki kabla ya kliniki

(Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wananchi, Mtwara)

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu akina mama, akina baba. Swali mlilolileta ni hili: mwanamke hana presha, hana sukari, anakula vizuri, mimba yake inakwenda salama. Huyu naye ana haja ya vidonge vya foliki, ile vitamini ya kundi B? Anayo. Tatizo letu ni kwamba tunamwambia hivyo wakati kazi kubwa ya kidonge hicho imeshapita.

Tuhesabu. Chukua mwanamke aliyeanza hedhi tarehe 1 Machi, na mzunguko wake ni wa siku 28. Mimba inatungwa kama tarehe 15. Siku zake angezitarajia tarehe 29. Hazioni, anasubiri, anasema labda ni uchovu. Huku nyuma, ndani ya tumbo, utando mdogo unajikunja kama jamvi: kingo mbili zinakutana, zinashikana, unakuwa mrija. Juu ya mrija huo unatoka ubongo, chini unatoka uti wa mgongo. Kufikia tarehe 12 Aprili, siku ya 28 tangu mimba kutungwa, mrija umeshafunga au umeshindwa. Ukibaki wazi chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa kinafuata kwa kuwa maji ya ubongo yamekosa njia. Ukibaki wazi juu, fuvu na ubongo havikamiliki, na mtoto huyo haishi.

Mama anafika kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Mrija ulimaliza mambo yake zaidi ya miezi miwili iliyopita.

Wapo wanaosema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo, sisi damu yetu safi." Watoto kama 95 kati ya 100 wanaozaliwa na tatizo hili wanatoka kwenye familia ambazo hazikuwahi kuliona. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kuwa miligramu 4 za foliki kila siku zilipunguza kurudi kwa tatizo kwa asilimia 72. Mwaka 1992 ukaja wa Hungaria, na huo ndio unaojibu swali lenu, maana uliwahusu wanawake wa kawaida tu. Waliopewa vitamini zenye foliki kabla ya kushika mimba hawakupata hata mtoto mmoja mwenye mrija wazi. Kundi la pili lilipata sita.

Kwa hiyo kipimo cha mwanamke mwenye afya ni miligramu 0.4 kwa siku, yaani maikrogramu 400, kuanzia anapofikiria kubeba mimba hadi wiki ya 12. Aanze angalau mwezi mmoja kabla, kwa sababu akiba ya mwilini haijai kwa siku mbili. Mimi ningependa jambo hili liingie kwenye mafundisho ya bi harusi. Somo anamfunda mambo mengi usiku ule. Kidonge kimoja hakitamzidi.

"Na chakula je?" Chakula kinasaidia, lakini tusijidanganye. Korosho zetu, pamoja na sifa zote, kwa foliki ni maskini: gramu 100 zina maikrogramu kama 25. Kunde zilizochemshwa zinakaribia 200 kwa kiasi hicho hicho, mbaazi kama 110. Muhogo una kidogo sana, na ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, ndio unaojaza sahani nyingi huku. Isitoshe, foliki ya kwenye chakula mwili hauinyonyi yote kama ile ya kidonge. Inayeyuka kwenye maji na kufa kwa moto, hivyo majani ya kunde na matembele yapike muda mfupi, na maji yake usiyamwage. Kisamvu ni habari nyingine: hicho lazima kiive sana ili sumu itoke, foliki ikipotea na ipotee. Unga wa viwandani wa ngano na mahindi uliwekewa kanuni za kuongezwa virutubishi mwaka 2011, foliki ikiwamo. Lakini makopa uliyoyapeleka mwenyewe kwenye mashine ya kijijini yanarudi kama yalivyokwenda.

Baada ya wiki ya 12, wenzetu wa Uingereza wengi wanaambiwa waache. Huku tunaendelea hadi kujifungua, pamoja na madini ya chuma miligramu 30 hadi 60, kwa sababu malaria inavunja chembe za damu, safura inanyonya, na uboho unahitaji foliki ili kutengeneza nyingine. Ndiyo maana mnapewa FEFO, kidonge chenye chuma na foliki pamoja. Choo kitakuwa cheusi; ni chuma, msiogope. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku baada ya kula. Chai ya rangi iache isogee saa moja au mbili, maana inazuia chuma kunyonywa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri zaidi, hasa wahudumu. Duka la dawa mara nyingi lina kidonge kidogo cha njano cha miligramu 5. Hicho ni mara kumi na mbili na nusu ya kipimo cha mwanamke mwenye afya. Kina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa kama valproeti, mwenye kisukari, mwenye selimundu. Hao daktari anawaandikia. Mwingine akikinunua kwa kuwa "kikubwa ndiyo kizuri", anajiharibia SP, dawa anayopewa mjamzito kumkinga na malaria. Kimelea cha malaria kinajitengenezea foliki yake, na SP inaua kwa kukata njia hiyo. Ukimmiminia mama foliki nyingi, unafungua mlango wa nyuma. Kipimo cha 0.4 hakina shida hiyo.

SP inaanza wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mpigo mbele ya muuguzi, angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Kwa aliyeandikiwa miligramu 5 kwa ajili ya mrija, wiki ya 12 kazi imekwisha, hivyo kwa kawaida hazigongani. Mwenye selimundu anaendelea kuihitaji foliki, kwa hiyo amwambie muuguzi kabla ya kupewa SP. Anayetumia kotrimoksazoli, yaani Septrin, hapewi SP kabisa.

Kuna karatasi imeletwa hapa: kidonge cha 5 kikigawanywa? Kisu kikiwa hodari utapata robo, nayo ni miligramu 1.25, bado mara tatu. Usikate. Geuza pakiti, soma namba iliyoandikwa mbele ya neno foliki. Ikiwa ni 5 na huna sababu niliyoitaja, mrudishie muuzaji, uulize ya 0.4.