Akili, Wahyi na Amri ya 1897

Assalaam alaykum. Masheikh wetu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni, sogeeni, nafasi ipo.

Kijana mmoja kaniuliza: "Maalim, kama akili yangu yanambia dhulma ni mbaya, wahyi wa nini?" Wengine wakaguna. Waache wagune, swali hili Basra na Baghdad lilijadiliwa zaidi ya miaka elfu nyuma. Muutazila, kundi la wanazuoni walioipa akili uzito mkubwa, walisema akili hulijua ovu hata kabla ya kuja sheria. Ashaari, madhehebu ya itikadi ambayo wengi wetu Mashafii wa Unguja tumelelewa kwayo, wakasema jema na ovu vyathibiti kwa amri ya Mungu. Ugomvi huo siumalizi mimi usiku huu.

Lakini tutazame hapa hapa Mkunazini, mjini Unguja. Palipo kanisa kuu palikuwa soko la watumwa. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilifunga Juni 1873, Waingereza walipotishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Na miaka yote hiyo Suratul Balad ikisomwa vyuoni: *fakku raqaba*, kumkomboa mtumwa, ndiyo ile njia nzito ya kupanda. Watoto waliihifadhi. Wenye mashamba ya mikarafuu waliisikia, wakaitikia amin, wakarudi shambani kwao.

Basi kijana wangu atasema, umeona, wahyi haukutosha. Haya, na akili ilitosha? Himaya ya Uingereza ilikuja 1890, na wakubwa wake walijua fika kuwa utumwa ni uovu. Kwao walishaupiga marufuku. Amri ya kuufuta hapa ikangoja hadi 1897. Kilichowakawiza ni hesabu: karafuu atachuma nani? Akili ile ile iliyojua haki ndiyo iliyopiga hesabu hiyo, bila hata kutetereka.

Mimi, kwa hiyo, siogopi akili wala sioni haya na wahyi. Namwogopa mtu mwenye shamba, awe anasoma aya au anasoma falsafa. Aya inapomkera, ataifasiri mpaka ilale. Hoja ikimbana, ataiahirisha. Ndipo akili na wahyi vinapohitajiana: kimoja kikiamshe kingine.

Na hiyo amri someni wenyewe ilivyofanya kazi. Mtumwa hakuwa huru asubuhi yake. Ilibidi aende mahakamani akaudai uhuru wake. Masuria, watumwa wa kike waliokuwa vimada wa mabwana zao, waliachwa nje, wakangoja mpaka 1909. Fidia ilitolewa, naam. Akalipwa bwana.

Haya, kijana, simama uniulize tena.