Zamu ya Usiku ni ya Nani?

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu fomu zetu hazijabadilika. Mwanamke anakuja kutafuta matibabu ya kuacha dawa za kulevya, anaulizwa: unatumia nini, kiasi gani, tangu lini? Akijibu "tangu nina miaka 14," tunaandika 14, tunafunua ukurasa. Nani anamuuliza yaliyomfika mwaka ule?

Wanaoijua habari ya yule dada wanivumilie. Alivuta heroini usiku tu. Mchana yuko kazini, jioni anapika, watoto wakishalala ndipo anavuta. Aliyembaka utotoni alikuwa akija usiku, na bila kuvuta usingizi hauji. Basi akalazwa. Chumba hakina komeo. Saa saba usiku mlinzi wa kiume anaingia na tochi, anawamulika usoni mmoja mmoja, anahesabu vitanda. Dada amejikunyata ukutani, shuka hadi kidevuni, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inamtafuna. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akatoroka. Faili lake nimelisoma kwa macho yangu: "Hana nia ya kuacha." Mtu aliyekesha siku mbili anapambana, hana nia?

Najua kuna atakayesema, mbona wapo waliobakwa na hawajagusa dawa? Wapo, tena wengi. Hata wavutaji sigara wengi hawapati saratani ya mapafu, lakini hatukuacha kuisema sigara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikuta waliopitia madhila ya aina tano au zaidi utotoni wana uwezekano mara 7 hadi 10 wa kupata matatizo ya dawa za kulevya kuliko wasiopitia lolote.

Wala sisemi wafukuliwe ya zamani siku ya kwanza. Hapana! Ukimfukua mtu kabla hajapata usingizi, unamrudisha kwenye dawa. Anza na usalama: komeo, mhudumu wa kike usiku, na hodi kabla ya kuingia. Hodi tu, jamani!

Muda umenitupa mkono. La watoto linataka siku yake, maana akina mama wengi hawaji kutibiwa kwa hofu ya kunyang'anywa watoto wao. Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, katika ripoti yake ya 2016, ilisema wanawake ni theluthi moja ya watumiaji duniani, lakini kati ya wanaopata matibabu ni mmoja tu kwa watano.

Yule dada alirudi baada ya miaka miwili, kituo kingine. Kabla hajaketi aliuliza: "Zamu ya usiku ni ya nani?"